Sanduku la Njano Kabla ya Pentekoste

"Kwenye gunia kulikuwa na nini?"

"Mzigo wangu tu, afande," Manirakiza alisema. Alikuwa ameketi kwenye benchi la kituo kidogo cha polisi Kihanga, mikono iko mapajani ndani ya pingu, tope la shambani limemkaukia hadi magotini. Alikuwa kibarua wa mashamba ya kahawa. Wazazi wake walitoka Burundi, lakini yeye na watoto wake walizaliwa hapa hapa Karagwe. Tangu jana alikuwa akiulizwa swali hilo moja, na tangu jana jibu lake lilikuwa moja: ulikuwa mzigo wake binafsi.

Inspekta Placida Kyomukama alivuta kigoda akakaa mbele yake.

"Nisikilize vizuri. Ofisi ya upelelezi ya mkoa haikunituma hapa kwa sababu ya gunia la viazi. Wiki hii, kule Kyerwa, kwenye kambi ya wajenzi wa daraja, limeibwa sanduku la njano. Ukubwa wake ni kama dumu la lita tano, lakini uzito wake ni nusu mfuko wa saruji. Mafundi wanalitumia kupiga picha vyuma vilivyochomelewa, waone kama vina ufa ndani. Kinachopiga hiyo picha ni kidonge kidogo kama punje ya mchele. Kinatoa mionzi. Kikiwa ndani ya sanduku hakina neno. Kikitoka nje, anayekishika anakufa, na hatakuwa ameona moto wala kusikia harufu."

Manirakiza aliinua macho.

"Juzi tumemkamata mtu Murongo, mpakani, ana baruti. Amesema wenzake wawili wanakuja leo kulichukua sanduku lilipofichwa, kabla jua halijazama. Wapi, hajui. Anachojua ni watakachofanya nalo. Kesho ni Pentekoste, kwaya za wilaya mbili zinakutana Kayanga. Watakifunga kile kidonge na baruti, wakilipue katikati ya watu. Baruti itaua walio karibu. Vumbi la kidonge litaingia kwenye nguo, kwenye visima, kwenye udongo, na mji mzima utahama."

"Si mvunje huo mkutano?"

"Tukiuvunja leo, sanduku litasubiri mkutano mwingine. Lazima tulipate lenyewe."

Manirakiza aliinamisha kichwa. "Mke wangu Mukashema anaimba sauti ya kwanza," alisema. "Kesho yuko Kayanga."

"Basi nisaidie."

"Nikisema, afande, itabaki humu ndani?"

"Sema kwanza."

"Alikuwa nguruwe."

Mlangoni, Koplo Beata aligeuka akaangalia nje ili asionekane anacheka.

"Mdogo tu," Manirakiza aliendelea. "Nimemnunua Rugu. Nimeoa kwa Wasabato, afande. Baba mkwe naishi naye boma moja. Binti yake kunifuata kanisani kwangu, hilo alishalisamehe, kwa shida. La nguruwe hatalisamehe. Atachukua binti, watoto na masufuria."

"Nguruwe yuko wapi?"

"Kwa jirani, nyuma ya choo. Anakula kuliko mimi."

Placida alimtuma Beata na pikipiki. Hakukaa sana huko, akarudi akiwa anachechemea kidogo.

"Yupo," Beata alisema. "Ameniuma buti."

"Mfungue pingu." Placida hakuinuka. "Gunia lilikuwa limefungwa?"

"Kwa kamba, tena mara mbili. Nguruwe hana adabu."

"Halikuwa na tundu?"

"Tundu lingekuwepo angetokea hapo."

"Ayebare, dereva wa kampuni ya daraja, ndiye aliyetuambia kakuona. Alisema umebeba kitu kizito cha njano ndani ya gunia. Rangi aliionaje?"

Manirakiza alikuwa anajisugua mikono palipokaa pingu. "Muulizeni yeye, afande. Mimi nilimpungia mkono tu."

Nje, chini ya upenu, alikuwa amesimama Cassian, mtaalamu wa mionzi aliyekuja kutoka Arusha na vifaa vyake. Alikuwa mrefu, mpole wa kusema, na kifaa cha kupimia kilikuwa kimening'inia shingoni mwake. Kampuni ilikuwa imemwazima pikapu na dereva, na huyo dereva ndiye Ayebare. Tangu walipofika wilayani, wamezunguka naye kila mahali.

"Huenda amepamba maneno tu," Cassian alisema baada ya kusikia habari ya gunia. "Sanduku analijua, anafanya kazi kule kule. Akili ikajaza rangi."

"Huenda. Yuko wapi?"

"Amekwenda kula."

Placida alifungua mlango wa dereva wa pikapu, akachuchumaa. Mkeka wa miguuni ulikuwa umejaa tope jekundu, tope la barabara zote za Karagwe. Lakini kwenye pedali ya breki, kwenye mistari ya mpira, kulikuwa na udongo mwingine. Ulikuwa wa kijivu, laini, umekauka kama uji uliomwagikia jiko. Alichokonoa kidogo kwa ukucha, akausugua katikati ya vidole.

"Kambini kwao kuna udongo huu?"

"Kule ni kokoto na udongo mwekundu mtupu," Cassian alisema.

"Huu ni udongo wa mfinyanzi, wa bondeni. Wewe na mimi hatujakanyaga bondeni tangu tufike. Yeye amekanyaga." Alitazama nyuma ya pikapu. Sepetu ilikuwa imelazwa chini ya turubai. Bapa lake lilikuwa limeoshwa, lakini pale mpini unapoingia kwenye chuma kulibaki mstari mwembamba wa kijivu.

"Mkamate," Cassian alisema.

"Nikimkamata sasa atanyamaza mpaka jua lizame, na sisi tunalitaka sanduku. Nataka atupeleke."

"Unadhani atatupeleka?"

"Hatatupeleka. Atatukwepesha. Tutaangalia anakokwepa."

Ayebare alirudi akifuta midomo. Alikuwa kijana wa maungo mazuri, shati limenyooshwa, mwenye kufungulia watu milango. "Mama Inspekta, yule mtu amekiri?"

"Bado mbishi."

"Hao wageni ndivyo walivyo."

"Watoto wa huyo mgeni wamezaliwa hospitali moja na wewe," Beata alimwambia akipanda nyuma ya pikapu. "Pengine kitanda kimoja."

Ayebare alicheka, akawasha gari.

"Twende Rugu, huko alikopita na gunia," Placida alisema. "Njia nzuri ni ipi?"

"Tuzunguke barabara kubwa, mama. Ndefu kidogo ila salama."

"Ya Nyabiyonza je?"

"Ile imekatika. Mvua imeibeba."

"Jana mimi nilipita pale," Cassian alisema kutoka kiti cha nyuma. "Kwa pikipiki ya kukodi, wewe ulipokuwa gereji."

"Imekatika usiku, mtaalamu."

"Basi twende tukaone palipokatika," Placida alisema. "Tukitoa taarifa kwa watu wa barabara tutakuwa tumesaidia."

Walipita migomba, wakapita mibuni, wakapita wanawake waliobeba majembe wakiwa wamejifunika nailoni vichwani. Mvua ya asubuhi ilikuwa imekoma na barabara inateleza, lakini hapakuwa na mahali palipokatika. Ayebare, ambaye siku zote hakukosa la kusema, alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili na kutazama mbele tu.

"Palipokatika ni wapi?"

"Labda wamesharekebisha."

"Tangu usiku, na leo Jumamosi. Watu wa barabara wamekuwa wachapakazi."

Migomba ikaisha. Mbele yao ilifunguka mbuga ya malisho, nyasi tupu za kijani mpaka kwenye vilima, na maji ya mvua yametuama kila penye kishimo, yanang'aa. Ayebare alikanyaga mafuta.

"Punguza," Placida alisema.

"Tope, mama. Ukipunguza unanasa."

"Punguza."

Kulia kwa barabara, chini kidogo bondeni, kulikuwa na kisima cha wafugaji, na kando yake kibumbiro, yaani birika refu la udongo linalobumbwa kwa mkono ili ng'ombe wanywee. Kilikuwa kipya. Kilikuwa kinene pia, kinene kuliko kawaida, na juu yake kilifunikwa majani ya mgomba yaliyopangwa vizuri kama paa.

"Simama hapa. Zima gari. Nipe ufunguo, kuna kitu nataka kwenye kisanduku cha vifaa."

Ayebare alimpa. Placida akautia mfukoni mwa koti, akashuka. Wote wakashuka.

"Ayebare, kile ni nini?"

"Si cha kunyweshea ng'ombe, mama?"

"Na yale majani?"

"Ya kuzuia mvua. Udongo ukiwa mbichi mvua inauharibu."

"Kwenu Rugu mnafanya kazi gani?"

"Ndizi na kahawa. Tangu babu."

"Kwetu tulichunga. Nimenywesha ng'ombe wa baba yangu mpaka nilipoanza shule, na baada ya shule nikanywesha tena. Hebu geuka, angalia pande zote, unioneshe mgomba ulipo."

Ayebare hakugeuka. Hapakuwa na mgomba kuanzia pale hadi kwenye vilima.

"Mtu amebeba majani mbali kuja kufunika kibumbiro," Placida alisema. "Mfugaji hawezi. Mfugaji akiona udongo unahitaji kufunikwa, anajua si wakati wa kubumba. Huyu aliyefunika ni mtu aliyeviona vibumbiro akipita barabarani, na nyumbani kwao kila kitu kinafunikwa na jani la mgomba, kuanzia chakula hadi pombe."

Kutoka upande wa kilima alikuwa anashuka mzee mwenye fimbo na kofia pana, ng'ombe wenye pembe ndefu wakimtangulia. Placida alimsubiri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Za huko mtokako?"

"Salama. Ng'ombe hawajambo?"

"Hawajambo. Nyasi ipo, maji yapo, wamenenepa mpaka wana kiburi. Mimi Twesigye. Mna shida ya gari?"

"Gari zima, mzee. Nashangaa kibumbiro chako. Umebumba masika?"

Twesigye alikitazama kibumbiro kama mtu anayetazama mbwa wa jirani. "Mimi? Hata mimi nimekikuta. Kisima hiki tunakiacha mvua zikianza, tunarudi kiangazi. Kiangazi tunabumba, tunateka, tunatia chumvi. Sasa hivi ng'ombe anakunywa popote anapokanyaga. Nani apoteze mgongo wake?"

"Hukuuliza ni cha nani?"

"Nilidhani ni cha watu wa mradi. Watu wa mradi hawaulizwi, wataleta na kibao."

Cassian alikuwa ameshawasha kifaa chake. Alitembea kuelekea kisimani polepole, akasimama hatua chache kabla ya kufika, akasoma, akatikisa kichwa. "Kawaida."

"Si mmeona?" Ayebare alisema. Sauti yake ilikuwa imepanda. "Kawaida. Twendeni, mvua inarudi."

"Sijamaliza, dereva. Lile sanduku limetengenezwa kuzuia mionzi isitoke. Ukiongeza mfinyanzi mnene na maji juu yake, kifaa changu kikiwa mbali hakisikii kitu. Nimepita hapa jana na hakikusikia. Inspekta, naomba maji yatolewe. Ninyi wengine mbaki barabarani."

Alifunua majani mwenyewe, akavaa glavu, akachota maji kwa ndoo ya gari mpaka kibumbiro kikabaki kitupu. Akapitisha kifaa juu ya udongo, upande mmoja, kisha mwingine. Upande wa kisima alisimama. Kifaa kilianza kulia, taratibu, kama panzi kwenye nyasi.

"Imepanda," alisema bila kugeuka. "Kidogo, kipimo cha sanduku lililofungwa. Lakini imepanda."

Hapo ndipo Ayebare alipokimbia. Hakukimbilia mbugani, alikimbilia pikapu, akaruka ndani, akafunga mlango, akapeleka mkono penye ufunguo. Mkono ukabaki pale. Koplo Beata alikwenda kwa mwendo wa kawaida, akafungua mlango.

"Shuka, dereva. Unawasha na nini?"

Twesigye alijiegemeza kwenye fimbo yake. "Kwa hiyo si watu wa mradi," alisema.

Cassian alivunja udongo kwa sepetu ile ile, kipande kwa kipande, bila haraka. Kwanza kikatokea kitambaa cha turubai, kisha pembe ya njano. Alipiga magoti akaangalia kufuli na lakiri ya sanduku kwa tochi, akasoma kifaa tena pande zote. Aliponyanyua uso alikuwa anatabasamu, na Placida hakuwahi kumwona akitabasamu tangu afike.

"Halijafunguliwa. Kidonge kimo."

"Mungu ashukuriwe," Twesigye alisema, akavua kofia.

Ayebare aliketishwa kwenye nyasi, mikono nyuma. Placida alisimama juu yake.

"Wanakuja saa ngapi?"

"Waliniambia ni la kwenda kuuzwa ng'ambo. Chuma chake ghali. Naapa."

"Nani anakuja?"

"Wawili. Na Fuso la ng'ombe. Watapiga simu wakifika Kihanga."

"Na kesho?"

"Kesho sikuambiwa."

Placida alimweleza kilichopangwa kesho. Alimweleza taratibu, neno kwa neno, kama alivyomweleza Manirakiza. Ayebare alianza kutikisa kichwa kabla hajafika katikati, na alipomaliza alikuwa bado anatikisa.

"Simu yao ikiingia utapokea," Placida alisema. "Utasema mzigo upo palepale, mbuga haina mtu ila mzee na ng'ombe wake. Sauti ikitetemeka, sema una malaria."

Kazi iliyofuata ilikuwa ya haraka. Cassian aliliweka sanduku kwenye kasha lake lenye kuta za madini ya risasi, na pikapu ikaendeshwa na Beata hadi nyuma ya kilima, mbali na kila mtu. Polisi walioitwa kutoka Kayanga walifika wakiwa wamevaa makoti ya kuchungia, wameacha gari lao mbali. Twesigye aliwakagua mmoja mmoja. Alimwambia mmoja avue saa, akamfundisha mwingine kushika fimbo.

"Usiishike kama bunduki. Ng'ombe watakushangaa, na mwizi ana macho kuliko ng'ombe."

Placida alibumba upya ule upande uliovunjwa. Alikunja mikono ya koti, akapiga magoti, akapiga udongo kwa viganja mpaka ukalingana. Ndani waliweka jiwe. Wakajaza maji, wakarudisha majani ya mgomba juu kama yalivyokuwa.

"Mkono haujasahau," Twesigye alimwambia.

Simu ililia. Ayebare aliongea vizuri. Hata malaria hakuihitaji.

Fuso lilikuja jua likiwa limeinama. Lilisimama kando ya barabara na wanaume wawili wakashuka, mmoja mnene, mmoja amevaa buti mpya za mvua. Mwenye buti alimpungia Twesigye mkono.

"Mzee, maji haya ni ya nani?"

"Ya Mungu. Kisima ni changu."

"Tunachota kidogo, rejeta imechemka."

"Chota tu, baba."

Hawakuwa na ndoo. Walikuwa na sururu. Mnene alitupa majani pembeni, mwenye buti akapiga udongo pigo moja, la pili, akaingiza mkono kwenye maji, akavuta kwa nguvu zote. Akatoa jiwe. Alilitazama jiwe lile, akamtazama mwenzake, kisha akawatazama wachungaji waliokuwa wamesimama kumzunguka, kila mmoja akiwa ametupa fimbo chini.

"Ulikuwa unatafuta la njano?" Placida aliuliza, mikono yake ikiwa bado ya kijivu.

Hakuna risasi iliyopigwa. Chini ya majani makavu ndani ya Fuso zilipatikana baruti, nyaya, na kofia za kwaya zilizoibwa ili wapite getini bila kuulizwa. Koplo Beata alizihesabu na kuzifungia kwenye mfuko, akaweka lakiri. Cassian alipiga simu Arusha akasema maneno machache tu: limepatikana, zima, hakuna aliyeguswa. Aliyapenda maneno hayo, akayarudia.

Gari la polisi lilikuwa limezuia barabara, watuhumiwa watatu wamepandishwa nyuma, wakati lori lilipotokea upande wa Rugu. Lilijaa watu waliosimama, sare nyeupe zimefunikwa nailoni, ngoma imefungwa juu ya kichwa cha gari. Walikuwa wakienda kulala Kayanga ili asubuhi wawahi. Walikuwa wanaimba, na walipoona polisi wakanyamaza sauti moja moja, kama taa zinavyozimwa.

"Kuna nini, afande?" dereva wa lori aliuliza. "Turudi?"

"Msirudi. Subirini kidogo, tunawapisha."

Kutoka juu ya lori mwanamke mmoja, kitenge kichwani, aliinama akachungulia ndani ya gari la polisi.

"Ayebare? Mbona umekaa huko nyuma na hao watu?"

Ayebare alificha uso magotini. Placida alikwenda ubavuni mwa lori, akainua mkono uliojaa udongo, mama yule akaushika hivyo hivyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu amefanya nini?"

"Nitakuja kwako Jumatatu, mimi mwenyewe, nikueleze kila kitu. Leo nenda na wenzako."

"Nitaimbaje?"

"Utaimba, mama. Njia ni salama. Nimeikagua kwa mikono yangu."

Mama alimtazama usoni, kisha akauachia mkono. Placida aligeuka, akawaamuru vijana wake warudishe gari nyuma kwenye nyasi. Lori likapita polepole, magurudumu yakirusha tope. Lilipofika kwenye kona ya kilima ngoma ilikuwa imeanza tena, na sauti ya kwanza ikaingia juu yake.